Mbawakawa wa Kenya aliyeuokoa mti wa St. Helena na fundisho lake kwa Afrika Mashariki

KANDO ya barabara nyingi za Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa na Arusha, vitalu vya miche ya maua na miti ya mapambo vimekuwa sehemu ya kawaida ya sura ya mji. Mnunuzi husimamisha gari, huchagua mche uliostawi, hulipa na kuondoka. Ni nadra kwake kugeuza jani na kutazama upande wa chini.

Hata hivyo, ni huko chini ya jani ambako husafiri baadhi ya wavamizi walioyagharimu mataifa mengi misitu, mashamba na fedha. Wavamizi hao ni wadudu gamba pamoja na ndugu zao vidung'ata. Ni viumbe ambao wengi wao hawazidi milimita chache na ambao, kwa mtu asiyewajua, huonekana kama ukoko, chembe za unga au vipele vya ganda la mti.

Kisa cha mti mmoja wa kisiwa cha mbali cha St. Helena, ulionusurika katika miaka ya 1990 kwa msaada wa mbawakawa aliyetoka Kenya, kinaonyesha jinsi uvamizi wa namna hiyo unavyoweza kushindwa. Kinaonyesha pia kwamba ushindi huo haukuja kwa bahati tupu. Uliwezekana kwa sababu kazi iliyoonekana ndogo, ya kulinda miti ya mapambo ya Kenya, ilikuwa imekwisha kufanywa miongo kadhaa kabla.

Mgeni aachaye adui zake nyuma

Wadudu gamba hupenyeza mdomo mwembamba kama sindano ndani ya jani, tawi au shina na kufyonza utomvu. Majike ya spishi nyingi hukaa mahali pamoja karibu maisha yao yote, yakiwa yamejifunika kwa nta au kwa gamba gumu. Wengi wa jamii hiyo hutoa sukari wasiyoihitaji kama majimaji ya kunata, na juu ya majimaji hayo huota ukungu mweusi unaofanana na masizi. Jani lililofunikwa na ukungu huo hukosa mwanga, na mti uliokwisha kunyonywa hudhoofika maradufu.

Tabia hizo ndizo zinazowafanya kuwa wasafiri hodari. Mdudu asiyeruka, asiyetoa sauti na anayefanana na ganda la mti hupita kwa urahisi mbele ya macho ya mkaguzi. Aidha, mmea wa mapambo husafirishwa ukiwa hai, pamoja na mizizi na majani yake, kwa hiyo mdudu aliyejificha humo hupata chakula njia nzima. Nafaka iliyokaushwa na kufungwa magunia haimpi nafasi hiyo.

Kinachobaki nyuma ni adui zake. Katika nchi ya asili, mdudu gamba huliwa na mbawakawa wadogo wenye madoa, na huvamiwa na nyigu wadogo mno ambao hutaga mayai ndani ya mwili wake. Mche unapovuka bahari na wadudu wachache, mara nyingi adui hao hawavuki pamoja nao. Mgeni hujikuta katika nchi yenye chakula tele na isiyo na askari.

Wengi wanapoona hali hiyo hukimbilia dawa. Lakini nta inayomfunika mdudu humkinga, na maficho yake katika mikunjo ya majani na nyufa za ganda huyafanya maji ya dawa yasimfikie. Mbaya zaidi, dawa nyingi huwaua kwanza mbawakawa na nyigu, ambao hutembea huku na huko bila gamba la kujikinga. Mkulima hupuliza, wadudu hupungua kwa muda, kisha hurudi wakiwa wengi kuliko mwanzo.

Historia ina ushahidi wa wazi wa jambo hilo. Karibu mwaka 1868 mdudu gamba wa Australia aitwaye kisayansi Icerya purchasi alionekana huko California, Marekani, juu ya miti ya akasia, mti uliopendwa katika bustani. Kutoka bustanini aliingia katika mashamba ya michungwa na kuyafikisha ukingoni mwa maangamizi. Mwaka 1888 serikali ya Marekani ilimtuma Albert Koebele kwenda Australia kutafuta adui wa mdudu huyo. Alituma mbawakawa mdogo mwekundu mwenye madoa meusi, Rodolia cardinalis. Shehena zake za kwanza zilikuwa na mbawakawa 129 tu, lakini kufikia mwisho wa mwaka 1889 michungwa ilikuwa imeanza kupona.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wakulima wa California walianza kupuliza dawa ya DDT. Mbawakawa waliangamia na mdudu gamba akarudi. Ilibidi mbawakawa warudishwe upya mashambani na dawa ipunguzwe ndipo hali itulie. Somo la miaka 60 lilikuwa limesahauliwa.

Mti uliobaki miti 2,000

St. Helena ni kisiwa cha eneo la kilomita za mraba zipatazo 122 katika bahari ya Atlantiki ya Kusini, chini ya himaya ya Uingereza. Wengi hukijua kama mahali alikofungiwa Napoleon kuanzia mwaka 1815 hadi kifo chake mwaka 1821. Wataalamu wa mimea hukijua kwa sababu nyingine: kina miti isiyoota mahali pengine popote duniani.

Mmojawapo ni ule ambao wenyeji huuita mti wa gundi, kwa jina la kisayansi Commidendrum robustum. Zamani miti hiyo ilifunika sehemu kubwa ya kisiwa. Mbuzi walioletwa na Wareno katika karne ya 16 walikula miche, na walowezi waliofuata wakakata miti kwa kuni na kwa ujenzi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa imebaki miti ipatayo 2,000 tu, katika maeneo mawili.

Mwaka 1991 iligundulika kwamba miti hiyo imevamiwa. Mvamizi alikuwa mdudu gamba aitwaye Orthezia insignis, ajulikanaye pia kama mdudu wa mjakaranda. Asili yake ni Amerika ya Kati na ya Kusini, lakini jina lake la kisayansi alipewa Uingereza mwaka 1887, kutokana na wadudu waliokutwa katika nyumba za vioo za kukuzia mimea ya kigeni. Kwa maneno mengine, tangu sayansi imfahamu amekuwa msafiri wa bustani. Mimea anayoipenda ni pamoja na lantana na mijakaranda, ambayo yote miwili ilisambazwa duniani kwa ajili ya uzuri wa maua yake.

Huko St. Helena mdudu huyo hakubaki katika mimea ya mapambo. Alihamia katika mti wa gundi, na mti huo, ambao haukuwahi kukutana naye, haukuwa na namna ya kuhimili. Matawi yalifunikwa na ukungu mweusi, majani yakapukutika. Kufikia mwaka 1993 zaidi ya miti 100 ilikuwa imekufa, na idadi ya wadudu ilikuwa ikiongezeka kwa kasi.

Ikumbukwe kwamba miti 100 kati ya 2,000 si hesabu ya kawaida. Hapakuwa na msitu mwingine wa kuchukua mbegu endapo huo ungeteketea. Kupuliza dawa msitu mzima, katika miteremko mikali na karibu na viumbe wengine wasiopatikana kwingineko, hakukuwa jambo la busara. Kilichokuwa hatarini ni spishi nzima.

Jibu lilikuwa Kenya

Wataalamu wa taasisi ya kimataifa ya udhibiti wa kibiolojia, iliyokuwa chini ya shirika ambalo leo hujulikana kama CABI, hawakulazimika kwenda misitu ya Amerika kutafuta dawa ya tatizo hilo. Adui wa mdudu wa mjakaranda alikuwa tayari Kenya.

Mdudu huyo aliwahi kuwa kero kubwa kwa mijakaranda iliyopandwa katika miji na mashamba ya Afrika Mashariki. Katikati ya karne ya 20, mbawakawa mdogo wa jamii ya Hyperaspis, ambaye asili yake ni Amerika na ambaye alikuwa amekwisha kutumika Hawaii, aliletwa ili kumkabili. Alikaa, akazaliana, na kero ikapungua. Nchi nne za Afrika zilimtumia kwa nyakati mbalimbali. Wakazi wa Nairobi wanaofurahia mitaa yenye maua ya zambarau kila ifikapo Oktoba na Novemba ni wachache mno wanaojua kuwa miti hiyo iliwahi kuhitaji mlinzi wa aina hiyo.

Kwa fedha za serikali ya Uingereza, mbawakawa walikusanywa Kenya na kupelekwa kwanza Uingereza, wakawekwa karantini. Huko walichunguzwa kwa makini: wanakula nini, wanazaa wapi, na je, wanaweza kugeukia viumbe wengine? Matokeo yalikuwa ya kutia moyo. Jike hutaga mayai juu ya mdudu gamba jike. Funza wanaoanguliwa huishi siku zao za mwanzo ndani ya mfuko wa nta ambamo mdudu huyo huhifadhi mayai yake, wakiyala mayai hayo. Wakikua, mara nyingi humla na mwenye mfuko. Mbawakawa ambaye maisha yake yamefungwa kiasi hicho na mdudu mmoja si rahisi kugeuka kuwa janga. Zaidi ya hayo, St. Helena haikuwa na mdudu gamba wa asili mwenye undugu wa karibu na mvamizi, kwa hiyo hapakuwa na kiumbe wa kisiwa hicho wa kuhofiwa kuliwa.

Uchunguzi huo ulileta pia jambo lisilotarajiwa. Mbawakawa huyo alikuwa ametumika kwa miaka mingi chini ya jina la spishi nyingine. Ni mwaka 1995 ambapo utambulisho wake kama Hyperaspis pantherina uliwekwa wazi katika maandiko ya kisayansi.

Mwaka 1993 mbawakawa walifikishwa St. Helena, kisiwa ambacho wakati huo hakikuwa na uwanja wa ndege na kilifikika kwa meli tu. Walizalishwa papo hapo kisiwani, na zaidi ya 5,000 waliachiliwa msituni. Idadi ya mdudu wa mjakaranda katika miti iliyofuatiliwa ilishuka zaidi ya mara 30. Mwaka 1995 kazi ya kuwazalisha mbawakawa ilisitishwa kwa sababu moja ya kufurahisha: wadudu gamba wa kuwalisha walikuwa hawapatikani tena kwa wingi wa kutosha.

Tangu hapo mdudu huyo hajawa tena tishio kwa mti wa gundi. Mwaka 2000 wakazi wa kisiwa walianza kupanda msitu mpya wa miti hiyo katika sehemu iliyokuwa imegeuka jangwa. Kazi hiyo isingekuwa na maana kama mti wenyewe ungekuwa umebaki katika vitabu.

Guam: walipochelewa

Si kila kisa huishia hivyo. Kisiwa cha Guam, kilicho chini ya Marekani katika bahari ya Pasifiki, kina fundisho la upande wa pili.

Mimea ya jamii ya sikadi, ambayo pwani ya Afrika Mashariki huitwa mitapo, ni ya kale kuliko mimea yote itoayo maua. Inapendwa sana na wapambaji wa hoteli na nyumba kwa sababu ya sura yake inayofanana na mnazi mfupi. Mdudu gamba wa sikadi, Aulacaspis yasumatsui, ambaye asili yake ni Asia ya Kusini Mashariki, aligunduliwa Florida mwaka 1996. Kuanzia hapo alifuata njia za biashara ya mimea hiyo.

Mwaka 2003 alionekana Guam katika eneo la hoteli la Tumon, juu ya sikadi za mapambo zilizotoka nje. Muda si mrefu alikuwa msituni, akiishambulia sikadi ya asili ya kisiwa, Cycas micronesica. Katika sensa ya misitu ya mwaka 2002 mmea huo ulikuwa mti wenye idadi kubwa kuliko yote Guam. Mwaka 2006 Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Asili, IUCN, uliuweka katika orodha ya spishi zilizo hatarini kutoweka. Ni nadra kwa mti kuanguka kutoka kileleni hadi shimoni katika muda wa miaka minne.

Mwaka 2005 mbawakawa aitwaye Rhyzobius lophanthae aliletwa kutoka Hawaii, akastawi. Bila yeye hali ingekuwa mbaya zaidi. Lakini watafiti waligundua udhaifu wake: huwinda vizuri katika majani ya juu kuliko karibu na ardhi, na hawezi kuingia katika nyufa nyembamba ambamo mdudu gamba hujibanza. Miti mikubwa ilipata ahueni kiasi, ilhali miche michanga iliendelea kufa. Nyigu aliyeletwa ili kuziba pengo hilo hakuweza kukaa kisiwani. Msitu usio na miche ni msitu wa wazee. Hauna wa kuurithi.

Tofauti kati ya visiwa hivyo viwili inaeleweka. St. Helena ilipata adui aliyekwisha kuthibitishwa kwingineko, anayemla mdudu mmoja, na aliyeweza kuwafikia wadudu hadi ndani ya mfuko wa mayai. Guam ilipata adui mlaji wa vingi, anayefanya nusu ya kazi, wakati mvamizi akiwa amekwisha kuenea.

Kwa Afrika Mashariki kisa cha Guam si cha mbali kama kinavyoweza kuonekana. Pwani ya Kenya na Tanzania ina mitapo yake ya asili, ikiwamo Encephalartos hildebrandtii na Cycas thouarsii, na milima ya bara ina spishi nyingine zinazopatikana katika maeneo madogo tu. Mdudu gamba wa sikadi amekwisha kufika barani Afrika. Mwaka 2015 ilitangazwa kuwa yuko Afrika Kusini, nchi yenye utajiri mkubwa wa sikadi. Kutoka huko hadi hoteli za pwani ya Bahari ya Hindi ni safari ya mche mmoja.

Je, mlinzi hawezi kugeuka mwizi?

Wapo wanaohoji, na kwa haki, iwapo kuleta mdudu mmoja ili ale mwingine si kuongeza tatizo. Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa chura wakubwa waliopelekwa Queensland, Australia, mwaka 1935 ili wale wadudu wa miwa. Hawakuimaliza kero ya miwa, bali wenyewe wamekuwa kero ya nchi nzima. Mfano wa karibu zaidi na mada hii ni wa mbawakawa wa Asia aitwaye Harmonia axyridis, aliyetumika Ulaya na Marekani kula vidukari na wadudu gamba katika nyumba za vioo na mashambani. Kwa kuwa hula karibu kila kitu, alienea, akafika Uingereza mwaka 2004, na amewapunguza mbawakawa wa asili wa nchi hizo.

Makosa hayo yana sura moja: waliochaguliwa walikuwa walaji wa kila kitu. Ndiyo maana leo taratibu ni kali zaidi. Mwongozo wa kimataifa wa kuingiza na kuachilia maadui wa asili ulipitishwa chini ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, mwaka 1995, ukafanyiwa marekebisho mwaka 2005. Unazitaka nchi zichunguze kwanza hatari, ziweke karantini, na zifuatilie matokeo.

Visiwa vya Galápagos vya Ecuador vilionyesha maana ya subira hiyo. Icerya purchasi, yule yule wa California, alionekana huko mwaka 1982, na anadhaniwa kuwa alifika na miti ya akasia ya mapambo. Kabla ya kumwachilia mbawakawa Rodolia cardinalis mwaka 2002, wataalamu walimfungia karantini na kumjaribu kwa wadudu wa asili wa visiwa hivyo ili kujua kama angewadhuru. Mbawakawa huyo alikuwa na sifa ya zaidi ya miaka 100, lakini hawakumwamini kwa sifa tu.

Jina likikosewa, dawa hukosewa

Afrika Mashariki yenyewe ina kumbukumbu ya gharama ya pupa. Miaka ya 1920, kidung'ata wa kahawa alizuka nchini Kenya na kuharibu mashamba ya nyanda za juu. Wataalamu wa wakati huo walidhani ni spishi iliyojulikana Asia, na adui zake wakatafutwa huko. Walioletwa hawakufanya kazi.

Ni mwaka 1935 ambapo ilithibitika kwamba kidung'ata huyo ni spishi tofauti, akapewa jina la kenyae, na kwamba nyumbani kwake hakukuwa Asia bali nchi jirani ya Uganda. Nyigu wadogo waliletwa kutoka Uganda mwaka 1938, na kero iliyokuwa imedumu zaidi ya muongo mmoja ikatulizwa. Dawa ilikuwa ng'ambo ya mpaka, wakati watu wakiitafuta ng'ambo ya bahari. Kosa lilikuwa la jina tu.

Kisa cha muhogo kinajulikana zaidi. Kidung'ata aliyetoka Amerika ya Kusini na kuonekana katika bonde la Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1970 alitishia chakula cha mamilioni ya Waafrika. Nyigu mdogo aliyepatikana Paraguay na kuachiliwa Nigeria kuanzia mwaka 1981 alimdhibiti katika sehemu kubwa ya bara. Hans Herren, aliyeongoza kazi hiyo, alitunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995, wakati akiwa mkuu wa kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE jijini Nairobi.

Sasa historia inaandikwa tena. Kidung'ata wa mpapai, mwenye asili ya Mexico na Amerika ya Kati, aliripotiwa Afrika Mashariki katika miaka ya 2010. Huyu haheshimu mpaka kati ya shamba na bustani: hushambulia mipapai, na pia haibiskasi na mimea mingine mingi ya mapambo. Ua wa haibiskasi wenye vidung'ata kando ya nyumba waweza kuwa ghala la wadudu kwa mipapai ya jirani, hata kama jirani huyo anapuliza dawa kila juma.

Adui wake anajulikana. Nyigu aitwaye Acerophagus papayae alitumika kwa mafanikio katika visiwa vya Pasifiki, na mwaka 2010 alipelekwa India kutoka Puerto Rico pamoja na nyigu wengine wawili. Nchini Kenya, CABI na taasisi za serikali zimemleta kutoka Ghana na kuanza kumwachilia katika mashamba ya Pwani katika miaka ya karibuni. Kwa mkulima aliyezoea dawa inayoua papo hapo, kazi ya nyigu huonekana ya polepole. Lakini nyigu akishakaa hahitaji kununuliwa tena, wala hamdhuru mpulizaji, mnunuzi wa papai au nyuki.

Wajibu wa nani?

Vyombo vya kusimamia afya ya mimea vipo. Kenya ina KEPHIS, iliyoanzishwa mwaka 1996. Tanzania, kwa sheria ya mwaka 2020, iliunda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Vyombo hivyo hukagua mazao yanayoingia na kutoka, na mataifa haya mawili yanajua vyema kwamba soko la Ulaya hurudisha shehena ya maua au mboga kwa sababu ya mdudu mmoja.

Swali la kujiuliza ni iwapo macho makali hivyo huelekezwa pia kwa kinachoingia. Mche wa mapambo hautishi mtu. Haumo katika takwimu za usalama wa chakula, na anayeubeba katika buti la gari au katika mzigo wa ndege huona amebeba pambo la nyumba. Visa vya California, Galápagos na Guam vinaonyesha mlango mmoja: mmea ulioletwa kwa uzuri wake ndio uliombeba aliyeharibu machungwa na misitu.

Yapo mambo ambayo hayahitaji fedha za wafadhili. Mwenye kitalu anaweza kuutenga mche mpya kwa majuma machache kabla ya kuuchanganya na mingine. Manispaa zinazonunua miti ya mitaani zinaweza kudai cheti cha ukaguzi kabla ya kulipa. Hoteli za pwani zinaweza kupanda mitapo iliyooteshwa nchini kwa njia halali badala ya kuagiza sikadi za nje. Maofisa ugani wanaweza kumfundisha mkulima kutambua mbawakawa na nyigu walio upande wake, ili asiwaue kwa kuwadhania adui.

Yapo pia yanayohitaji dola. Utambuzi wa wadudu ni kazi ya wataalamu wachache, na hifadhi za wadudu waliokaushwa katika vituo vya utafiti huonekana kama masanduku ya vumbi mpaka siku jina linapohitajika. Kazi ya kutunza, kufuatilia na kuandika habari za maadui wa asili haina sherehe ya kukata utepe. Ndiyo maana huwa ya kwanza kukatwa bajeti inapobana.

Kisa cha St. Helena kinajibu hoja kwamba kazi hiyo ni anasa. Walioleta mbawakawa Kenya walikuwa wakishughulikia mijakaranda, miti isiyolisha mtu. Hawakujua kwamba miongo kadhaa baadaye uzao wa mbawakawa hao ungeiokoa spishi nzima upande wa pili wa bara. Lakini waliandika walichofanya, na watafiti waliofuata walijua wapi pa kumtafuta mbawakawa huyo. Mwaka 1993, msitu ulipokuwa ukifa, jibu lilipatikana kwa sababu lilikuwa limewekwa.

Mdharau mwiba, wahenga walisema, mguu huota tende. Mdudu gamba ni mdogo kuliko mwiba. Mitapo ya pwani bado imesimama, na gharama ya kuilinda kwa sasa ni ya mkaguzi anayegeuza jani bandarini. Baada ya mdudu kuingia msituni gharama hiyo itakuwa ya karantini, meli na miaka, na hata hapo, kama Guam ilivyojifunza, fedha peke yake haitoshi kumnunua adui anayefaa.